Kutoka Entebbe hadi London: Kilomita, Saa na Tiketi

NAKATO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Arua, Mbale na kwingineko. Msikilizaji mmoja ametuandikia kwamba tiketi yake ya mwezi wa Julai inaonyesha ataondoka Entebbe saa nne asubuhi na kutua London saa kumi na nusu alasiri, siku hiyo hiyo. Anauliza kama kweli safari ni ya saa sita na nusu tu.

OKELLO: Hapana, dada. Muda wa kuondoka huandikwa kwa saa za Entebbe na wa kutua kwa saa za London. Uganda iko mbele ya Uingereza kwa saa mbili kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, na kwa saa tatu miezi iliyobaki, kwa sababu Waingereza hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka, ilhali sisi wa ikweta hatuna haja hiyo. Aongeze saa mbili, atapata nane na nusu.

NAKATO: Hapo ndipo nina swali, kaka. Nimeazima tufe la mwanangu la shuleni, nikakaza uzi kutoka Entebbe hadi London, nao ukapita juu ya Darfur, Libya, Bahari ya Mediterania, Italia na Ufaransa. Umbali huo ni kama kilomita 6,500, na ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Nilitarajia saa saba na robo.

OKELLO: Uzi wako haujui habari za vita! Tangu mapigano yalipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege za abiria zimekuwa zikiikwepa anga ya nchi hiyo, na Libya nayo mashirika mengi huiepuka, kwa hiyo rubani huzunguka. Tena muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kupanda taratibu, kushuka, na pengine kuzungushwa juu ya London ikingoja zamu ya kutua.

NAKATO: Hata hivyo tusilalamike. Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe kwetu hapa, kisha Livingstone. Safari nzima ilikaribia saa 24, na watu waliistaajabia.

OKELLO: Mimi kinachonisumbua zaidi ni namna tunavyosoma saa. Mjomba wangu alikuwa na tiketi ya Ijumaa iliyoandikwa 02:35, naye akaisoma saa mbili na dakika thelathini na tano usiku, kama tusemavyo nyumbani. Alifika uwanjani Ijumaa saa kumi na moja jioni, na sanduku lake limefungwa kwa kamba ya katani.

NAKATO: Na ndege?

OKELLO: Ilikuwa imeondoka saa nane na dakika thelathini na tano usiku wa kuamkia siku hiyo, yeye akiwa kitandani. Kwa hiyo, msikilizaji wetu, tiketi ikisema 02:35 siku ya Ijumaa, uwe umefika Entebbe Alhamisi usiku.