Neno "like" katika Kiingereza: kitenzi leo, kihusishi kesho

Walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma kule, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie aina za maneno katika Kiingereza. Zote hatuziwezi kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua neno moja tu, "like", maana kila mtu anadhani analijua.

Muulize mwanafunzi: "What is your teacher like?" Wengi watajibu bila kusita: "She likes tea." Amesikia "like", akakumbuka "penda", akamaliza. Kilichomponza ni "is". Ukiuliza "What does your teacher like?", hapo "like" ni kitenzi na chai ni jibu sahihi kabisa. Lakini penye "is" kitenzi kimeshapatikana, na "like" imekuwa kihusishi, yaani neno linaloonyesha uhusiano, kama "kama" yetu. Swali linataka sifa: mpole, mkali, mcheshi. Jibu ni "She is kind", na "like" yenyewe haionekani tena kwenye jibu. Hapo ndipo watoto wetu wanapopotea.

Sisi tumezoea mzizi unaovaa viambishi. Anapenda, mpenzi, upendo, kipenzi: hata ukikuta "upendo" limeandikwa peke yake ukutani, unajua ni nomino. Kiingereza cha kale nacho kilivaa. Kitenzi kilikuwa "lician", yaani kupendeza. Kivumishi kilikuwa "gelic", yaani -enye kufanana. Yote mawili yanatoka kwenye "lic", maana yake mwili au umbo. Anayefanana nawe ana umbo kama lako. Kinachokupendeza kina umbo linalokufaa. Baadaye viambishi vikapukutika, kazi iliyochukua karne kadhaa, na ndugu hao wawili wakabaki na sura moja. "Lic" hiyohiyo ndiyo iliyozaa "-ly" ya kwenye "friendly". Itazameni "likely": "like" ni "lic", "-ly" nayo ni "lic"; neno limejibeba mgongoni lenyewe.

Kitenzi nacho kiligeuzwa kichwa chini. Zamani kitu ndicho kilichompendeza mtu. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mfalme anasema "It likes us well", yaani jambo hili linatupendeza. Leo mtu ndiye mtenda: "I like it."

Kazi nyingine nitazipitia harakaharaka. Kivumishi kimebaki zaidi kwenye misemo, kama "of like mind", yaani wenye mawazo yanayofanana. Nomino ipo tangu zamani, "likes and dislikes", ila Facebook walipoweka kitufe chao mwaka 2009 ikapata soko jipya, na sasa hata bibi anahesabu "likes" za picha ya mjukuu. Vijana nao huipachika katikati ya sentensi kama sisi tunavyopachika "yaani".

Kiunganishi ndicho chenye ugomvi. "Like I said" wakali wa sarufi hawaitaki; wanataka "As I said". Mwaka 1954 sigara za Winston zilitangazwa Marekani kwa maneno "Winston tastes good like a cigarette should", wapenda sarufi wakapiga kelele. Baadaye kampuni ikaigeuza kelele hiyo kuwa tangazo jingine, ikiuliza watu wanataka sarufi nzuri au ladha nzuri. Mimi kwenye mtihani nafundisha "as". Nje ya mtihani simsahihishi mtu.

Msiwacheke Waingereza, lakini. "Kama" yetu inafanya kazi hizo na zaidi: "watu kama ishirini", "kama atakuja", "anaimba kama mama yake". Tena inatuponza tunapotafsiri. "Alifanya kazi kama daktari": alikuwa daktari, au aliiga tu? Kiingereza kinalazimisha uchague. "As a doctor", ana cheti. "Like a doctor", mpeleke mgonjwa wako kwingine.

Kabla hamjauliza maswali, chambueni sentensi hizi mbili, zinajulikana sana: "Time flies like an arrow. Fruit flies like a banana." Katika ya kwanza "flies" ni kitenzi na "like" ni kihusishi: muda unapaa kama mshale. Katika ya pili "flies" ni nzi, na "like" ni kitenzi: nzi wa matunda wanapenda ndizi. Anayeona matunda yanapaa kama ndizi anyooshe mkono, tuanze naye.