Mshauri wa kuchangisha mlipeni ujira, msimgawie michango

(Mhadhara kwa viongozi wa asasi za kiraia, Mwanza)

Shikamooni wazee wangu mlioketi huku mbele. Ndugu zangu wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata mshauri wa kuchangisha fedha za ujenzi. Naomba nianze na ukuta. Uko upande wa Igoma, umefika usawa wa linta, nondo zimechomoza juu ya nguzo zikiwa nyekundu kwa kutu, na ndani, palipokusudiwa kuwa chumba cha mazoezi ya viungo cha watoto, pameota magugu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ule. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Tulimpata mshauri aliyesema hataki malipo ya awali, atachukua asilimia 10 ya kitakachoingia. Tukaona Mungu ametufungulia njia. Harambee ikafanyika, watu wakaahidi kwa vipaza sauti, daftari la ahadi likajaa. Fedha taslimu zilizobaki mezani hazikutosha hata mabati. Naye alishachukua fungu lake.

Chama cha wachangishaji wa kitaaluma kilichoanzia Marekani, Association of Fundraising Professionals, kinawakataza wanachama wake kulipwa kwa asilimia ya michango. Naelewa kwa nini. Anayelipwa hivyo hutafuta fedha ya leo, wakati mchangiaji mkubwa huhitaji kutembelewa mara tatu, mara nne, pengine mwaka mzima. Halafu mama anayeuza samaki Kirumba akitoa shilingi 10,000, ametoa kwa ajili ya mtoto. Hakutoa kamisheni. Kwa hiyo mlipeni mshauri ujira uliopangwa, kwa kazi iliyoandikwa na muda uliotajwa, na uingie kwenye bajeti yenu kama anavyoingia fundi.

Kazi yenyewe ni ipi? Ya kwanza ni upembuzi yakinifu, yaani kupima kwanza kama fedha hizo zinaweza kupatikana, na hapa ndipo thamani yake ilipo. Mshauri anakaa faragha na watu 20 au 30 mnaowatarajia: mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mwenye maboti, daktari, kiongozi wa dini. Wanamwambia yale ambayo ninyi hawatawaambia usoni, kwamba mradi ni mzuri lakini mweka hazina wenu hawamwamini. Hilo likuumizeni mapema, kabla ya kuchimba msingi.

Ya pili ni hesabu. Tuseme mnatafuta milioni 400. Mchango mmoja wa milioni 80, miwili ya 40, minne ya 20, minane ya 10: tayari mna milioni 320 kutoka kwa watu 15 tu. Milioni 80 zinazobaki ndizo za umma. Na kwa kila mchango mkubwa andaeni majina matatu au manne, maana wengi watasema hapana. Hawa wakubwa wanafuatwa kimyakimya kwanza. Harambee ya hadhara inakuja mwishoni, zaidi ya nusu ya fedha ikiwa imeshapatikana. Sisi tulianza na harambee.

Muulizeni pia kama anaijua nchi hii ya ziwani. Yule wetu alipanga siku ya kuchangisha katikati ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mitumbwi imeegeshwa ufukweni na mvuvi hana kitu mfukoni. Wavuvi walikuja, wakasimama nyuma, wakaondoka wameinamisha vichwa. Walitaka kutoa. Sisi ndio tuliowaita siku mbaya.

Kabla hamjasaini, ongeeni na asasi mbili tatu alizowahi kuzifanyia kazi, na waulizeni jengo lilifika wapi, siyo ahadi zilifika ngapi. Mshauri akiwahakikishia kiasi kabla ya upembuzi, mwacheni.

Lakini kuna kazi ambayo hakuna mshauri atakayewafanyia. Mwenye kwenda kuomba ni mwenyekiti wenu na wajumbe wa bodi, nao wawe wametoa kwanza, kila mmoja kwa uwezo wake. Nilipoingia ofisini kwa mfanyabiashara mmoja hapa mjini, hakuniuliza habari za ramani. Aliniuliza, "Na wewe mwenyewe umetoa ngapi?" Sikuwa nimetoa. Alinikaribisha chai, tukaongea mambo mengine.

Nimeshatoa sasa. Wiki ijayo tunarudi kwake, mimi na mwenyekiti.