Farasi Kwenda Upande: Mazungumzo na Vijana wa Nungwi

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuwafunga farasi kivulini ili tuzungumze kwanza.

Wengi wenu mlianza na punda, kama mimi. Punda ukitaka ageuke unamvuta kichwa, basi. Tabia hiyo tunahamia nayo kwenye farasi, na ndiyo inayotuharibia kazi. Ukivuta hatamu ya kulia, shingo inakuja kulia, bega linatoroka kushoto, na mwili wote unalifuata bega. Mimi farasi mmoja alinitia baharini hivyo hivyo, kichwa chake kimefika gotini kwangu, huku anakwenda kama kaa. Wageni walipiga picha.

Kabla hujapanda, simama ubavuni mwake. Weka ngumi pale kisigino chako kitakapogusa, nyuma kidogo ya mshipi wa tandiko, ubonyeze. Akihamisha mguu wa nyuma hatua moja, toa mkono hapo hapo. Nasema hapo hapo, usingoje hatua ya tatu. Kinachomfundisha ni kule kuachiwa. Ukizidi kubonyeza na hali ameshakujibu, kesho atakiegemea kisigino chako kama gogo.

Ukishapanda, rudia lile lile: miguu ya mbele inakanyaga hatua ndogo mahali pake, ya nyuma inaizunguka. Akilielewa, mwombe aende mbele na upande kwa pamoja, mwendo wa kutembea, mwili umenyooka, pua imegeuzwa kidogo kinyume na anakoelekea. Hatua tatu nne zinatosha, kisha mwache anyooshe njia. Telki, yaani mbio ndogo, itakuja baadaye. Haraka hapa haina faida.

Sasa bega ndani, yaani farasi anakwenda mbele huku mabega yake yameingia ndani ya njia yake. Mfaransa La Guérinière, mwalimu wa upandaji farasi, alilifafanua zoezi hili karne ya 18, nalo kwa kawaida hufanywa kando ya ukuta wa uwanja. Sisi ukuta hatuna, lakini maji yakipwa tunapata mchanga mgumu wenye unyevu, na kwa kazi hii mimi sitaki ukuta wa mtu. Chora mstari mrefu kwa fimbo, upite sambamba nao. Lete mabega ndani, yaani upande uliomkunjia, kama nyuzi 30 kutoka kwenye mstari, mguu wako wa ndani penye mshipi, hatamu ya nje ikilizuia bega lisichomoke. Kisha geuka, urudi ukasome alama za kwato. Ukikuta mistari mitatu, umepata: wa nje ni mguu wa nyuma wa nje peke yake, wa kati ni wa mbele wa nje pamoja na wa nyuma wa ndani, na wa ndani ni wa mbele uliobaki. Ukikuta miwili, ulikunja shingo tu. Minne, umezidisha pembe.

Mchanga mkavu wa juu uacheni, unachosha kano. Na farasi anayeogopa mawimbi, mwombeni kwanza aende upande wa nchi kavu. Huko anataka mwenyewe.

Haya, maji yanapwa. Nani yuko tayari kupanda?