Jina Lililorudi kwa Njia ya Ufaransa

Assalaam alaykum, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma.

Nimetakiwa nizungumzie sanaa ya vijana wa Kiislamu wanaokulia nchi za Magharibi. Badala ya kuzunguka nchi zote hizo nimemchagua msanii mmoja, eL Seed, aliyezaliwa Paris mwaka 1981 na wazazi wa Kitunisia. Jina hilo alijipa mwenyewe alipokuwa na umri wa miaka 16, akilitoa katika tamthilia ya Corneille, Le Cid, na neno hilo Cid asili yake ni Kiarabu, as-sayyid, lile lile tunalolitaja sisi watu wa pwani tukisema Seyyid Said. Neno la wazee wake, basi, lilimfikia kupitia mwandishi wa Kifaransa.

Nyumbani kwao walisema Kiarabu cha Kitunisia, lakini kukisoma na kukiandika hakujua mpaka alipokuwa kijana wa makamo ya kumaliza shule, alipoanza kujifunza kwa hiari yake. Ndiyo maana siridhiki na wale wanaosema kwamba vijana hawa wanavutwa na mila mbili, kana kwamba zote mbili wamekwisha kurithishwa. Huyu herufi za wazazi wake ilimbidi azisomee kama fundi anavyosomea kazi, kisha akazichanganya na grafiti, ile michoro ya kutani aliyoizoea Paris. (Babu zetu waliandikiana barua za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, sijui humu ukumbini ni wangapi wanaoweza kuzisoma.)

Mwaka 2012 alichora mnara wa msikiti wa Jara huko Gabès, kusini mwa Tunisia, mji wa asili ya jamaa zake. Mnara huo ulikuwa umejengwa mwaka 1994 na kwa miaka 18 ukabaki saruji tupu. Kumbukeni wakati wenyewe: mwezi Juni mwaka huo huo, watu wenye msimamo mkali walivamia maonyesho ya sanaa La Marsa, karibu na mji mkuu, wakidai kuwa dini imetukanwa. Imamu aliyekubali, katika hali hiyo, kumkabidhi mnara mchoraji wa kutani mzaliwa wa Ufaransa, mimi namhesabu kuwa jasiri kuliko msanii.

Aya iliyoandikwa ni ya 13 katika Suratul Hujurat, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu amewaumba watu kwa mwanamume na mwanamke, akawajaalia kuwa mataifa na makabila ili wajuane. Msanii hakuiwekea tafsiri, na herufi amezipinda na kuzifumanisha hata msomaji hodari wa Kiarabu anasita, akawa sawa na Mfaransa asiyejua alifu wala be.

Picha ya mnara ni hii hapa. Nani atanionyesha neno *lita'arafu*, yaani "ili mjuane", lilipo?