Fungueni Kabati: Maktaba ya Shule ya Msingi na Mtoto Anayesoma

(Mhadhara kwa walimu wakuu, walimu wa maktaba na wajumbe wa kamati za shule za msingi)

Ndugu walimu wakuu, walimu wenzangu wa maktaba, wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kuzungumzia vitabu vya watoto.

Nimeombwa nieleze namna ya kuwafanya watoto wa shule ya msingi wapende kusoma. Nitaanza na kabati, maana katika shule nyingi nilizopita maktaba yote imo ndani ya kabati moja. Liko ofisini kwa mwalimu mkuu, lina kufuli, na ndani yake vimo vitabu vizuri vya hadithi, picha zinang'aa, kurasa bado zimegandana. Ukiuliza kwa nini watoto hawapewi, unajibiwa: "Wataviharibu." Anayejibu hivyo hana nia mbaya, anatunza mali aliyokabidhiwa. Lakini kitabu cha mtoto hununuliwa kisomwe mpaka kichakae, na kile kinachobaki kipya miaka mitano hakijamfikia mtoto yeyote. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Tuwatendee haki walimu wakuu kwanza. Mwalimu mkuu anapopokea shule hukabidhiwa vifaa kwa maandishi, na siku ya kuhamishwa anakabidhi kwa maandishi. Vitabu 200 vikiwa 160, ataulizwa yeye. Kwa hiyo tusimhimize afungue kabati huku tumemwacha peke yake na hatari hiyo. Kamati ya shule ikae, ijadili, iandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba vitabu vya hadithi ni vitu vya kutumika na kuisha, kama chaki. Mwisho wa mwaka mwalimu wa maktaba aorodheshe vilivyochakaa na vilivyopotea, mwenyekiti na mwalimu mkuu waweke saini, orodha iambatishwe kwenye daftari la vifaa kwa utaratibu wa halmashauri. Muhtasari wa ukurasa mmoja unafungua makabati kuliko semina ya siku tatu. Nimeona shule ambayo kufuli liliondoka wiki ileile kikao kilipokwisha.

Sasa, kwa nini nasisitiza watoto kuazima vitabu na si kujenga chumba cha maktaba? Nchi hii yetu, Tanzania, imeshatufundisha. Katika miaka ya 1970 tulifanya kampeni ya elimu ya watu wazima ambayo dunia iliisifu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Sensa ya 2012 ikaja na asilimia 78 hivi. Sababu ni nyingi, zimo hali ya uchumi, karo na utoro. Lakini wazee waliokuwa kwenye madarasa yale hutaja jambo moja ambalo mimi nalipa uzito mkubwa: walijifunza kusoma, halafu pakawa hapana cha kusoma. Maktaba za vijiji zilikuwa zimeanzishwa, magazeti ya vijijini yalikuwa yakichapishwa, na vilipofifia hivyo, macho yaliyozoea herufi yakazisahau. Mtoto wa Darasa la II aliyefuzu kusoma mwezi wa Novemba, akakaa likizo nzima bila kushika kitabu, anaingia Darasa la III akiwa amerudi nyuma. Walimu wa Darasa la III hapa mnanielewa.

Na hapa nataka tutazame kwa karibu jinsi mtoto anavyosoma Kiswahili. Lugha yetu ina heri moja: inaandikwa kama inavyotamkwa. Mtoto akishaijua ba, be, bi, bo, bu na silabi nyingine, anaweza kutamka neno lolote. Ndiyo maana tangu mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, uanze mwaka 2015 kwa madarasa ya mwanzo, unaweza kumwona mtoto wa miaka saba akitamka sentensi nzima na wageni wakapiga makofi. Lakini maneno yetu ni marefu. Mpe mtoto huyo neno "walipomkaribia". Anaweka kidole: wa, li, po, m, ka... akifika "bia" ameshasahau alianza na nini. Ametamka kila silabi sawasawa, na hajui nani alimkaribia nani. Ukimuuliza hadithi inahusu nini, anakutazama tu.

Kinachomtoa hapo ni wingi wa kusoma. Akilikuta "walipo" mara mia katika hadithi mbalimbali, jicho linalishika kwa mara moja, bila kuhesabu silabi, na akili inapata nafasi ya kufuata kisa. Kitabu cha kiada hakiwezi kumpa mara mia hizo. Kina kurasa chache, kinasomwa darasani kwa pamoja, na baada ya mwezi watoto wamekikariri; mwingine anakigeuza juu chini na anaendelea "kusoma". Mara mia zinapatikana kwenye vitabu vya ziada, vile vidogo vya hadithi, kimoja baada ya kingine.

Fedha je? Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, utaratibu umekuwa kwamba katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 huja shuleni na 4,000 hubaki serikali kuu kununulia vitabu, na vitabu hivyo ni vya kiada. Vya ziada tunavitafuta wenyewe. Si kazi nyepesi, lakini si kweli kwamba vitabu vya Kiswahili vya watoto havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 hasa kwa sababu havikuwapo, ukawafunza waandishi na wachoraji, ukanunua nakala kutoka kwa wachapishaji wa hapa nchini na kuzigawa mashuleni. Leo ukienda kwa wachapishaji wa Dar es Salaam utapata hadithi za fisi na sungura, za watoto wa mjini, za wasichana wanaotengeneza baiskeli. Kamati ikinunua vitabu kumi kila muhula, baada ya miaka mitatu ni maktaba.

Kwenye misaada nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Tumepokea maboksi ya vitabu vya Kiingereza kutoka ng'ambo, vimejaa rafu, na mgeni akija tunampiga picha mbele yake. Mtoto wa Darasa la III katika shule ya Kiswahili atafanya nini na kitabu kinene kuhusu historia ya mji asioujua, kwa lugha ambayo bado hajaweza kuizungumza? Anakifungua, anaona kigumu, anahitimisha kwamba kusoma si kwake. Hilo ni dhara, tena kubwa. Mfadhili mwenye moyo ataelewa tukimwandikia barua ya heshima kwamba tunaomba afadhali fedha kidogo za kununua vya Kiswahili. Vya Kiingereza vichache, vyepesi, vyenye picha, karibuni, vingine tuvikatae.

Mkishapata vitabu, hata arobaini, panga kwa rangi. Watoto wadogo hawahitaji mfumo wa namba wa maktaba kuu. Bandika karatasi ya rangi kwenye mgongo wa kitabu: rangi moja kwa vile vyenye sentensi moja kwa ukurasa, nyingine kwa vyenye aya fupi, ya tatu kwa hadithi ndefu. Mtoto anajua rangi yake, na siku anapohamia rangi inayofuata anatangaza njia nzima hadi nyumbani. Asipangiwe rangi kwa darasa. Yupo wa Darasa la V anayehitaji sentensi moja kwa ukurasa, na akichukua asichekwe.

Rafu ziwe za urefu wa mtoto, zisigusane na ukuta, miguu ipakwe oili chafu kuzuia mchwa. Pasipo na chumba, funga kamba darasani, ning'iniza vitabu kwa vibanio vya nguo. Nimeona kamba hizo zikifanya kazi kubwa kuliko chumba chenye marumaru.

Wakutubi wawe watoto wenyewe. Chagua wa Darasa la IV na la V, wape daftari kubwa lenye safu tano: tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha. Wana ukali wao. Mtoto mwenzao asiporudisha kitabu wanamfuata hadi kwenye foleni ya uji. Kila mtoto anayeazima awe na mfuko wa kitenge. Mafundi cherehani wa mtaani wana vipande vinavyobaki, na mama mmoja kwenye kamati akiomba, mifuko inapatikana. Mfuko huo peke yake unaokoa kitabu na mvua ya masika, na mikono yenye maembe.

Lakini kabla ya kuazima kuna kusomewa. Mwalimu asome kwa sauti kila siku, dakika kumi tu, asiulize maswali ya mtihani. Aanze "Hadithi, hadithi!", watoto waitikie "Hadithi njoo!", asome mpaka mahali fisi ameingia kisimani na kamba imekatika, kisha afunge kitabu na akiweke juu ya meza. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, tazama ni wangapi wanakizunguka kitabu hicho.

Na kitabu kiende nyumbani. Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, huyu anaishi na bibi yake, bibi hajui kusoma, kitabu kitamsaidia nini?" Nilimkuta mtoto mmoja wa kike barazani akimsomea bibi yake hadithi ya sungura. Bibi alikuwa akichambua mchele. Mtoto alipofika katikati, bibi akamkatiza: "Sivyo. Fisi alirudi na nduguze." Mtoto akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaupitia mstari kwa mstari, akasema, "Bibi, hapa hakurudi." Wakabishana. Mwisho bibi akasimulia ya kwake, na mtoto akasikiliza huku kidole kikiwa bado kwenye mstari. Bibi yule alifanya kazi ambayo walimu tunaihangaikia: alimfanya mtoto arudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi. Wazee wanazijua hadithi. Tusiwatoe kwenye jambo hili kwa sababu hawazijui herufi.

Machache ya kuepuka, haraka haraka. Kipindi cha maktaba kisiliwe na masomo ya ziada ya madarasa ya mitihani, la IV wala la mwisho. Kusoma kusiwe adhabu ya mchelewaji. Mtoto asilazimishwe kuandika muhtasari wa kila kitabu. Wengi huacha kuazima kwa kukwepa muhtasari. Na aliyepoteza kitabu asirudishwe nyumbani akalete fedha, kwa sababu mzazi atamkataza kuazima tena, na wadogo zake pia. Aje Jumamosi asaidie kushona na kubandika vilivyoraruka. Uzi, sindano na gundi vinatosha, na mtoto aliyeshona kitabu kwa mkono wake hukishika kwa namna nyingine.

Kwenye meza iliyo mlangoni nimeweka nakala za ukurasa wa daftari la kuazima, pamoja na mfano wa muhtasari wa kamati niliousema mwanzoni. Kila shule ichukue kimoja kimoja. Mwenyekiti wa kamati aliye na kikao mwezi huu aniambie tarehe, nikiweza nitakuja tuuandike pamoja. Sasa nipo tayari kwa maswali.