Mkataba wa kwanza wa raga Ufaransa: soma karatasi kabla ya kuhesabu euro

Haya, karibuni tena. Kila nikiweka video, swali ni lile lile: "Kijana wangu ana miaka 18, raga anaijua, ataingiaje klabu ya Ufaransa, na wanalipa ngapi?" Leo nalijibu. Nikitaja pesa mtasema najigamba, nikitaja makaratasi mtasema nawakatisha tamaa watoto wa watu. Semeni, lakini sikilizeni.

Pesa kwanza. Mkataba huandikwa mshahara ghafi. Toa kama asilimia 22 ya makato ya hifadhi ya jamii. Tangu Januari 2019 kodi ya mapato nayo hukatwa kabla mshahara haujaingia benki. Euro 2,000 za karatasini hubaki kama 1,560, kabla ya hiyo kodi, na pango hujalipa. Sasa nyinyi wajomba mnaozigeuza shilingi na kumpangia kijana ploti kabla msimu haujaanza, mnamwonea. Hili linaniuma kweli, kwa sababu kijana anayedaiwa nyumbani huficha jeraha ili asipoteze nafasi.

Na nafasi zenyewe ni chache. Top 14, ligi ya juu ya raga Ufaransa, ina klabu 14; Pro D2, daraja la pili, ina 16. Kuna kanuni inaitwa JIFF: klabu ya Top 14 hutakiwa kupanga wastani wa wachezaji 16 waliolelewa na mfumo wa Ufaransa kati ya 23 wa kila mechi. Zinazobaki saba zinagombewa na Wafiji, Wasamoa, Waafrika Kusini na Waajentina. Lakini JIFF haiangalii pasipoti. Misimu mitatu katika akademia iliyoidhinishwa inatosha, ndiyo maana wapo Wafiji na Wajojia wanaohesabiwa humo. Kwa mtazamo wangu, kijana mdogo atafute mkataba wa akademia hata kama unalipa kidogo, badala ya kukimbilia timu ya wakubwa ya madaraja ya chini inayompa posho ya nauli. Posho si mkataba wa kazi, na haimpi kibali cha ukaazi.

Klabu ikiomba video, tuma mechi nzima. Vipande vya mbio za raga ya wachezaji saba kila upande havionyeshi anavyokaba, anavyoamka baada ya kukaba, wala anavyosimama kwenye skramu, pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira. Mawinga wenye kasi wamejaa. Propu wa kulia, yule wa mstari wa mbele anayeshikilia skramu, hutafutwa kila dirisha la usajili.

Wakala lazima awe na leseni ya shirikisho la Ufaransa. Sheria ya huko inaweka kikomo cha asilimia 10 ya mkataba, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kulipwa chochote. Anayedai "ada ya majaribio" mapema, mkimbieni.

Mkataba wenyewe ni wa muda maalumu, kwa kawaida Julai 1 hadi Juni 30, na hauna nguvu ya kumwezesha kucheza kabla ligi haijauidhinisha. Pia chama cha raga cha nyumbani kitoe idhini ya uhamisho. Ikichelewa, kijana anafanya mazoezi tu na jezi anaiangalia. Angalieni kama anachukuliwa kuziba pengo la majeruhi: huyo mkataba wake unaweza kuisha aliyeumia akirudi.

Viza ya muda mrefu inayotumika kama kibali lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia nchini. Wengi hudhani mhuri wa uwanja wa ndege umemaliza kazi, kisha wanajikuta hawana uhalali. Cheti cha kuzaliwa kiwe kamili, chenye majina ya wazazi, na kitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Bila hicho namba ya kudumu ya bima ya afya hukwama, na mchezaji wa raga bila bima ni hatari tupu.

Hali za watu hazifanani, msichukue haya kama amri. Wenye mkataba mkononi, angalieni vitu viwili kabla ya kusaini: nani analipa nyumba, na mshahara unakuwaje akiumia miezi sita.