Mwembamba Mwenye Kisukari: Ana Aina Gani?

REHEMA: Kaka Juma, jirani yangu, ambaye ni mwembamba kama ufito, alipoambiwa ana kisukari, ndugu zake walikataa katakata wakidai kwamba huo ni ugonjwa wa wenye vitambi.

JUMA: Wanaifikiria aina ya 2, Dada Rehema, na si ajabu, maana zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wanayo. Kongosho lao bado hutoa insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, lakini misuli na ini haviitikii ipasavyo, na miaka ikipita kongosho lenyewe huelemewa. Unene wa tumboni huchangia sana, ingawa si lazima uwepo.

REHEMA: Basi jirani yangu atakuwa na aina ya 1.

JUMA: Usiharakishe. Katika aina ya 1, kinga ya mwili huziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mara nyingi huanza utotoni: mtoto hukonda kwa majuma machache, hunywa maji bila kukata kiu, na hukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Akicheleweshwa hutapika, huhema kwa nguvu, na pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Huku kwetu wapo wanaotibiwa malaria mpaka wanapoteza fahamu. Mtoto huyo hawezi kuishi bila sindano ya insulini, na hakuna mzizi wala jani linaloweza kuchukua nafasi yake.

REHEMA: Kuna nini tena, ukiacha kile cha ujauzito?

JUMA: Kuna kinachotokana na lishe duni, hasa njaa ya tumboni mwa mama au ya utotoni. Shirika la Afya Duniani lilikiorodhesha mwaka 1985, likakiondoa mwaka 1999. Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua kuwa aina ya 5. Mgonjwa wake hutoa insulini kidogo, lakini mwili wake huiitikia vizuri. Kwa hiyo akidungwa kipimo kikubwa, naye hana uhakika wa chakula cha jioni, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

REHEMA: Kumbe jina kisukari linatupeleka kwenye bakuli la sukari, wakati chanzo kinaweza kuwa sufuria tupu!

JUMA: Naam. Tena sukari ya damu ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikipimwa asubuhi kabla ya kula chochote, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, huonyesha kwamba mtu anaugua, lakini haionyeshi aina. Vipimo vya kutofautisha aina havipatikani kila zahanati, kwa hiyo daktari hulazimika kuuliza: alizaliwa na uzito gani, na alikua akila nini?

REHEMA: Mwenyewe hawezi kuyajua yote hayo, lakini mama yake yu hai. Nitamwomba amsindikize kliniki.